Mtani Aliyerudisha Birika

Mume wangu alipoacha kuamka kitandani, watu wa Mbuchi walicheka. Siwalaumu sana. Dadi ni Mmatumbi, na sisi wenyeji wa huku deltani ni Wandengereko, watani wa Wamatumbi tangu enzi za mababu. Katika watani wote waliopata kukanyaga tope la kwetu hakuna aliyemfikia yeye. Msibani, wafiwa wamejiinamia, Dadi ndiye aliyejilaza kwenye jeneza tupu akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Aliwahi kuingia kaburini kabla ya maiti, akajinyoosha, akauliza kama chumba hicho kina dirisha. Aliiga mwendo wa marehemu, kikohozi chake, hata alivyokuwa akigombana na kuku wake. Watu waliokuwa wakilia wakajikuta wanashika mbavu na machozi bado yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani, kuwapunguzia watu uzito. Akimaliza huondoka na kitu cha nyumba ile, jogoo au mkeka au sufuria, na kitu kilichochukuliwa kwa utani hakirudi.

Basi alipokuwa akilala mchana kutwa, macho kwenye makuti ya paa, wapita njia walisema, "Mmatumbi leo kafia kwake." Sufiani, jirani yetu na mtani wake mkubwa, alikuja na majani ya mgomba akamfunika toka kichwani mpaka miguuni, akakaa pembeni akijiliza kwa sauti ya kike. Alikuwa anamsubiri Dadi ainuke amtukane. Dadi aligeukia ukutani. Sufiani akaniangalia, nami nikamwangalia, kisha akayaokota majani yake moja moja akatoka bila kuaga.

Kilichonikera ni kwamba sikuona sababu. Hatukufiwa. Hakuwa na homa. Mpunga wa mwaka ule ulitoka vizuri, na binti yetu Salima ameolewa Ikwiriri na mume anayemheshimu. Mimi nina ulimi, sifichi, na nilimgombeza. Nilimwita mvivu, nikamuuliza kama kuna mwanamke mahali anayemkondesha. Akanijibu, "Mama Salima, sina mtu. Sina chochote. Ndani hamna kitu." Nilidhani ni kiburi. Kumbe alikuwa ananieleza ugonjwa wake vizuri kuliko alivyokuja kuueleza mtu mwingine yeyote.

Tulimsomea dua, na dua ilinituliza mimi. Alinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, akalinywa bila kuuliza ni la nini. Mganga alisema ana kitu kimemkalia, akataka kukipigia ngoma. Salima alipokuja kutusalimu akamkuta baba yake amebaki mifupa, hakubishana na mtu. Alikwenda kukodi boti ya mashine, akamshika baba yake mkono kama mtoto, akatupeleka Kibiti.

Daktari aliyetupokea hospitali aliitwa Muzdalifa, msichana wa rika la Salima mwenyewe, sauti yake ya chini. Alimwamkia Dadi shikamoo, kisha hakumpima popote kwa muda mrefu. Alimuuliza tu. Analalaje, anakulaje, kitu gani kilikuwa kinamfurahisha zamani. Halafu akamuuliza kwa upole uleule, "Baba, huwa unatamani usingekuwepo duniani?"

Nilitaka kuingilia. Kwetu hatumuulizi mtu maneno hayo mchana kweupe. Lakini Dadi alishatangulia kujibu.

"Kila nikiamka," alisema.

Miaka yote hiyo nimelala na mtu huyu mkeka mmoja. Nilijiona kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. Daktari akaniambia ugonjwa unaitwa sonona, kwamba una njia zake mwilini kama maradhi mengine, na si lazima uwe na sababu ya kuonekana. Akatoa vidonge. Nikamimina kimoja kiganjani nikakitazama. Kilikuwa kidogo, cha kupotea mkononi. Nimezaa, nimeosha maiti, nimeuona mto Rufiji ukiacha njia yake ya zamani na kujitafutia nyingine, lakini mwili ulinisisimka pale kwenye kiti cha hospitali. Kwamba kitu kile kingeshuka tumboni, kisha kwa amri ya Mwenyezi Mungu kingepanda mpaka kule ambako dua yangu na matusi yangu havikufika.

"Mama, nisikilize hapa," daktari Muzdalifa alisema. Nadhani aliuona uso wangu. "Dawa hii haifanyi kazi leo wala kesho. Itachukua wiki kadhaa. Na inapoanza, nguvu za mwili hutangulia. Moyo unakuja nyuma. Hapo katikati ndipo pa kumwangalia sana. Mtu alikuwa hana nguvu ya kujidhuru, sasa nguvu anayo, na hamu ya kuishi bado hajaipata. Siyo kila mtu, lakini hutokea. Ukimwona halali, hatulii, au anaaga aaga watu, muulize waziwazi kama anataka kujiua. Ukimuuliza hutamtia wazo ambalo hana. Na umlete hapa, usingoje siku ya miadi. Vidonge vikae kwako."

Nilivifunga kwenye pindo la kanga yangu, na nikawa napita navyo kutwa nzima. Kila asubuhi namtolea kimoja na maji, anameza, anarudi ukutani. Nikawa namkazia macho kama mtu aliyepanda mbegu. Sikuona kitu. Kinywa kilimkauka, akawa anaamka kuomba maji. Vidole vilimtetemeka kidogo akishika kikombe. Nikaanza kumsema daktari moyoni.

Kisha asubuhi moja nilitoka uani nikamkuta amesimama, jembe mkononi.

Dadi alikuwa amenawa, amevaa shati, anatazama upande wa mashamba. Akaniambia anakwenda kutengeneza dungu letu, maana mvua za masika zimekaribia na nguzo zimelegea. Dungu ni kibanda tunachokijenga juu ya nguzo ndefu kule shambani, ndimo tunamoishi maji yakijaa, tukilinda mpunga. Alikwenda kweli. Alikata miti, akakaza ngazi, akaezeka upya. Jioni alirudi ametota jasho, kesho yake akaenda tena. Nilisujudu, nikalia sijdani. Niliwaambia majirani wote, na walikuja kumwona mtu aliyefufuka. Habiba, mjane wa nyumba ya tatu, alimzunguka akimtazama kama anayetaka kumnunua. "Kidonge tu?" aliuliza. Nikasema kidonge tu, na nikajivuna kana kwamba nimekitengeneza mimi.

Siku zile Dadi hakukaa chini. Alianza kuwatembelea watu. Aliingia nyumba hii na ile, anawasalimia wazee, anawaomba radhi kama aliwahi kuwakosea. Watu walifurahi mno. Walisema ugonjwa umemtia adabu Mmatumbi. Usingizi wake sikuujali, aliamka kabla ya adhana na kutembea uani huku na huku, nikasema huyo ndiye mtu mwenye afya.

Ijumaa moja baada ya swala, Habiba alikuja kwangu na birika mkononi. Birika la bati, kubwa, masizi yamesuguliwa mpaka linang'aa.

"Shoga, mwombee dua daktari wako," alisema. "Mumeo katengenea kabisa. Unaliona birika langu? Siku tuliyomzika marehemu kanichukulia kwa utani wake, nikalisahau. Leo kaja nalo, kalisugua mwenyewe, kanambia, bi Habiba, hiki chako."

Nilikuwa nachambua mchele. Ungo ukanitoka mikononi, mchele ukamwagika mchangani.

Mtu asiyejua utani hawezi kuelewa kwa nini. Mtani harudishi. Hajapata kutokea, si kwetu, si kwa Wamatumbi, si vijiji vya Mtawanya wala Mahege. Akichukua kitu msibani, kitu kile ndicho kinachomfunga na nyumba ile, maana wenye nyumba nao wana haki ya kuja kumtania siku yake atakapofikwa na jambo. Watadaiana hivyo mpaka uzeeni. Anayerudisha anafunga hesabu. Na Habiba, Mndengereko mtupu aliyezaliwa humu humu, alikuwa amesimama mbele yangu anacheka, kwa kuwa kidonge kilitustaajabisha sote hata tukasahau tunayoyajua.

"Kamrudishia nani mwingine?" nilimuuliza.

"Wengi. Hata Sufiani kapewa bakora ya baba yake."

Nilikwenda kwa Sufiani bila viatu. Nilimkuta ameketi barazani na bakora mapajani, anawasimulia wenziwe jinsi Mmatumbi alivyoshindwa utani mpaka akasalimu amri. Nikamwambia, "Na birika la Habiba karudisha. Na vya watu wengine." Akaendelea kutabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. Aliisimamisha bakora ukutani kwa uangalifu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Kasema anakwenda dunguni."

"Weye tangulia kwa miguu. Mie n'nakuja na mtumbwi."

Maji yalikuwa yameshaingia mashamba ya chini. Nilipita kwenye tuta, kanga nimeipandisha juu ya magoti, na mdomo wangu, huu mdomo usiokosa neno, haukuweza kutamka ila Yaa Rabi, Yaa Rabi. Dungu letu lilisimama katikati ya maji, zuri, jipya, kila fundo limekazwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananiachia nyumba ya kukaa peke yangu.

Alikuwa juu, ameketi mlangoni, amevaa kanzu yake ya Idi. Aliniona nikija na hakusogea. Nilikata maji hadi ngazini, nikapanda, nikakaa naye bega kwa bega, miguu yetu ikining'inia. Nilihema mpaka nikapata pumzi. Maneno ya daktari Muzdalifa yalikuwa yamekaa kichwani mwangu siku zote, lakini kuyatoa kinywani ilikuwa kama kuinua gunia.

"Baba Salima. Unataka kujiua?"

Ndege walipita kundi zima kuelekea baharini. Alisubiri wapite.

"Ndiyo," alisema. Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka, nikahisi uzito wake wote umeniegemea. "Zamani nilichoka hata kufa, Mama Salima. Unajua kuchoka huko? Kisha nguvu zikaja. Nikaziangalia, nikaona kazi moja tu ya kuzifanyia."

Nimemsikia mtu huyu akisema mambo mengi ya ajabu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, na kwa namna fulani lilinistaajabisha zaidi kuliko siku alipoinuka. Kidonge hakikuwa kimedanganya. Kilifanya kazi yake sawasawa na binti yule alivyosema, kilifungua mlango mmoja kabla ya mwingine. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya milango hiyo, gizani, ana nguvu tele na hana pa kwenda nazo. Nilimwogopa Mungu aliyemuumba binadamu kwa ufundi wa namna hiyo.

Nilimshika kanzu. Sikumbembeleza, sijui kubembeleza. Nilimwambia nina hasira naye, nampenda, na hatashuka ngazi ile bila mimi.

Sufiani akatokea, akisukuma mtumbwi kwa upondo. Aliufikisha chini ya dungu, akaishika nguzo, akainua uso. Nilimwona anatafuta neno. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ileile ya msibani.

"We Mmatumbi," alisema. "Umerudisha vitu vya utani bila kikao. Nani kakuruhusu? Babu zako walivitoa milimani kwenu Umatumbi? Unashitakiwa. Shuka tukakuhukumu."

Dadi alimtazama kule chini. Hakucheka. Lakini alishuka.

Tulifika Kibiti usiku, kwa mtumbwi kisha kwa gari, Sufiani nyuma na mimi mbele, Dadi katikati yetu. Daktari Muzdalifa alitupokea bila kutulaumu. Alimlaza wodini mahali wauguzi wanapomwona, akapunguza kiwango cha dawa, akaongeza nyingine ya kumtuliza apate usingizi. Nilitaka aniambie tuziache kabisa. Nilimwambia wazi, hiki kidonge chako kilikuwa kinaniua mume.

"Mama, sonona ndiyo ilikuwa inamuua, tangu kule kitandani," alisema. "Dawa imempa nguvu, na ugonjwa ukazichukua. Tukimkatisha ghafla atayumba vibaya. Tutakwenda polepole, na macho yetu yote yawe kwake."

Nilikubali kwa shingo upande. Kabla hatujaruhusiwa, alimuuliza Dadi nani atakayeshika vidonge nyumbani. Dadi akaninyooshea kidole. "Mpe yeye," alisema. "Mie bado sijiamini."

Na kule Mbuchi kesi ikaanza kweli. Sufiani aliwakusanya Wandengereko, akawaambia ukweli wote, na kwa mara ya kwanza sikumwona mtu akicheka. Wakagawana zamu. Kila siku alikuja mlalamikaji mmoja, anakaa na Dadi barazani tangu asubuhi, anadai fidia ya kudhalilishwa kwa kurudishiwa mali aliyonyang'anywa kihalali. Habiba alidai kwamba birika limeupa aibu ukoo mzima. Walileta mashahidi. Waliahirisha kesi kwa sababu hakimu ana kazi shambani. Hawakumwacha peke yake hata akienda chooni, mtu alimsubiri njiani akimsomea mashitaka. Dadi aliwajibu kwa kichwa tu, ndiyo au hapana. Nilikuwa nikiwatazama kutoka jikoni, watu wazima wenye mashamba yao, wanakaa kutwa kumlinda mtu kwa upuuzi.

Chumbani napo, nisiseme mengi, tulikuwa kaka na dada. Nilimuuliza daktari tuliporudi kwa miadi, nikidhani nitamwona binti wa watu anaona haya. Hakuona haya hata kidogo. Alisema ni dawa, hutokea kwa wengi, na yako mambo ya kufanya baadaye, ila tusikatishe wenyewe kwa ajili hiyo. Nikamwambia nimesubiri mengi, hilo nalo nitalisubiri.

Habiba alikuja siku moja akiwa peke yake. Alinong'ona, "Nigawie vichache na mie, shoga. Tangu marehemu aondoke silali." Zamani ningemgawia kama ninavyomgawia chumvi na moto. Nilimwambia nimemwona mume wangu akiinuka kwa dawa hii, na kwa dawa hii nimemwona akivaa kanzu ya Idi kwenda kufa. Nikamwambia dawa ni ya mtu, na tutakwenda wote Kibiti, nitamshika mkono nje ya mlango akiulizwa maswali yake. Alilia kidogo, na wiki ile tulikwenda.

Kuhusu Dadi, siwezi kusema ni siku ipi. Nilikuwa nasubiri mshindo kama ule wa kwanza na haukuja. Alianza kulala usiku mzima. Siku nyingine alitoka mwenyewe kwenda kuoga. Mpunga ulichanua, ukabeba, tukahamia dunguni pamoja, na Sufiani akahamia dungu la jirani ingawa shamba lake liko mbali. Dadi aliamia ndege kwa sauti ndogo, akarusha udongo kwa kombeo, akakaa. Akila, alikula kwa kuwa nimemwekea, akinishukuru kwa adabu kama mpangaji. Adabu ile ilinitesa. Mume wangu hajawahi kuwa na adabu.

Adhuhuri moja nilipika wali na kamba wa nazi. Tulikaa mkekani, sinia katikati yetu. Dadi alifinyanga tonge, akalitia kinywani, akatafuna. Kisha akaacha kutafuna. Alikunja uso, akalitazama sinia, akanitazama mimi. Nikasema moyoni, ugonjwa umerudi.

"Mama Salima," alisema, "mbona mchuzi hauna chumvi?"

Mwanamke mwingine angeshukuru kimoyomoyo. Mimi nilimwambia kama hajaridhika mkebe anaujua uliko. Akainuka kwenda kuufuata mwenyewe, huku akinung'unika kwa sauti Sufiani amsikie kule dunguni kwake, kwamba Wandengereko wamezungukwa na bahari ya chumvi na hawajui kuitia kwenye chungu. Nikasikia Sufiani akiangua kicheko. Nami nilibaki pale mkekani na tonge mkononi, silioni kwa machozi.